Elimu ya Kufuli

Makala hii ilianzia kwenye mabishano ya ukumbini kwetu, Unyankindi, hapa Singida Mjini. Chanzo cha mabishano yenyewe kilikuwa mita ya LUKU. Usicheke kwanza. Nisikilize.

Ilikuwa Oktoba 2024. TANESCO walikuwa wametangaza kwamba mita za LUKU ziboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba, na atakayezembea mita yake haitapokea umeme mpya. Mama akanunua umeme wa shilingi elfu tano, akaletewa ujumbe wenye tarakimu ambazo hajapata kuziona tangu aanze kutumia LUKU: mafungu matatu, kila fungu tarakimu ishirini. Akaniita. "Hebu njoo uziingize wewe, mimi macho yangu si unayajua."

Nikasimama mbele ya mita, binti wa mjomba akawa ananisomea. Yeye amesomea uhandisi wa kompyuta Dodoma, na siku hizo alikuwa amekuja kututembelea akisubiri mambo yake. Tulikosea mara mbili, mara ya tatu mita ikakubali. Mama akashukuru Mungu, akarudi jikoni. Yule binti akabaki anaitazama mita, kisha akaniuliza: "Unajua kwa nini tarehe ishirini na nne? Kwa nini isiwe mwisho wa mwaka?"

Nikasema sijui. Akanieleza. Mjomba alikuwa amekaa pale na kikombe cha uji, anasikiliza. Binti akamaliza kwa kusema kwamba hayo ndiyo anayotaka kwenda kuyasomea nje, shahada ya uzamili, usalama wa chipu: jinsi zinavyofungwa na jinsi zinavyoweza kuvunjwa.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Yaani niuze ng'ombe, mtoto aende majuu kusomea wizi?"

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mimi si fundi, ni mtu wa hadithi na mashairi. Lakini lile swali lilinikaa moyoni, nikaanza kuulizauliza na kusoma. Nimegundua kwamba historia ya nchi yetu imekwisha kujibu nusu ya swali la mjomba. Nusu iliyobaki tunaijibu sisi vijana.

Namba za ukutani

Tuanze na mita yenyewe, maana iko ukutani kwa kila mmoja wetu na hatuijui.

Ndani ya mita ya LUKU mna chipu. Chipu hiyo hupewa ufunguo wake. Si ufunguo wa chuma bali ni namba ya siri, na mita ya jirani ina ya kwake. Unaponunua umeme, kompyuta ya mwuzaji inachukua kiasi cha uniti ulizolipia pamoja na saa uliyonunulia, inavifunga kwa ufunguo wa mita yako, na kinachotoka ni zile tarakimu ishirini. Ukiziingiza kwa jirani hazifui dafu, kwa sababu ufunguo ni mwingine. Ukiziingiza kwako mara ya pili, mita inakumbuka kwamba ilikwisha kuzila. Hakuna waya wa mawasiliano kati ya mita hiyo na ofisi ya TANESCO. Iko peke yake ukutani, inaamua yenyewe kukubali au kukataa.

Utaratibu huu ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati shirika la umeme la huko, Eskom, lilipotaka kupeleka umeme katika vitongoji vya watu weusi ambako wengi hawakuwa na anwani ya posta wala akaunti ya benki ya kulipia ankara. Wabunifu wakaona badala ya kumfuata mtu na ankara, bora alipe kwanza. Wakaweka saa ya kuhesabu dakika, wakaianzisha tarehe 1 Januari 1993. Nafasi waliyoitengea hesabu hiyo ndani ya namba ilitosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo ukizigawa kwa siku na miaka unapata karibu miaka 32. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mama alipewa mafungu matatu: mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha ufunguo ili hesabu ianze upya, na la tatu ndilo lililokuwa umeme wenyewe.

Kwa hiyo, bwana, uamuzi uliofanywa na watu wachache mezani kwao, miaka 30 iliyopita, katika nchi nyingine, ulimfanya mama yangu atafute miwani Unyankindi. Sisemi kwamba walikosea. Nasema kwamba walijua na sisi hatukujua. Na nchi yetu imepata kupita katika hali hiyo hiyo zamani, tena kwa hasara kubwa zaidi ya tarakimu za mama.

Mlango uliotiwa komeo

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500, dude la kujaza chumba. Kufikia mwaka 1974 zilikuwa saba tu nchi nzima. Hazina ilijaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta, kazi ikitegemea zaidi wataalamu wa kigeni. Mambo yakaenda mrama. Hesabu zikavurugika, ikabidi warudi kwenye njia za zamani.

Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazee wetu wanaikumbuka zaidi ile ya televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka hiyo ya 1970, huku Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 vilipoanza vituo vya watu binafsi. Ile ya kompyuta haikuimbwa na mtu, maana ni nani Singida aliyekuwa akiililia kompyuta mwaka 1974? Watu walikuwa wanahamia vijijini na kutafuta mtama wa kula.

Si nia yangu kuwalaumu wakubwa. Nchi ilikuwa masikini, fedha za kigeni hazipo, na chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuwatia hasara. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Lakini tazama walivyoshughulika na hatari ile: waliona kitu wasichokijua ndani yake, wakatia komeo mlangoni. Komeo halihitaji elimu. Linazuia mwizi, na linamzuia pia fundi. Miaka ya 1980 na 1990 mlango ulipoanza kufunguliwa, kompyuta ziliingia kwa kasi kuliko watu wa kuzielewa. Simu za mkononi zikaja mwaka 1994, kisha intaneti. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilipatikana mwaka 2003. Kwa miaka hiyo yote tulikuwa tunapokea mashine zilizofungwa na watu wengine, na funguo zao wanazijua wao.

Waliokwenda Stockholm

Sasa nifike kwa wale walioondoka. Miaka ya 2000 Sweden, kupitia shirika lake la maendeleo la Sida, ilikuwa inagharamia Watanzania kusomea shahada za juu. Baadhi yao walikwenda Chuo Kikuu cha Stockholm, katika idara ya kompyuta na mifumo, kwa mwanamama mmoja aitwaye Louise Yngström, profesa wa usalama wa habari. Wawili nimewasoma. Charles Tarimo alimaliza uzamivu wake mwaka 2006, akiwa ameandika juu ya namna nchi kama yetu inavyoweza kujipima kama iko tayari kulinda mifumo yake. Jabiri Kuwe Bakari alimaliza mwaka 2007.

Utafiti wa Bakari unanivutia kwa jambo moja. Aliyekwenda Ulaya kusomea usalama wa kompyuta ungetarajia arudi na habari za mitambo ya Ulaya. Yeye alichunguza taasisi za nyumbani. Aliingia katika mashirika ya Tanzania akauliza maswali ya kawaida kabisa. Nani anawajibika data zikipotea? Bosi anajua nini? Fundi anajua nini? Akakuta pengo. Mabosi walidhani usalama wa kompyuta ni kazi ya vijana wa chumba cha mashine, wakawaachia. Vijana nao walijua mashine lakini hawakujua ni kitu gani kikiibiwa shirika litakufa. Kila mmoja alikuwa anazungumza lugha yake. Sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya ni kutafuta namna ya kutafsiri hatari kutoka lugha ya fedha, ambayo bosi anaielewa, kwenda lugha ya mashine ambayo fundi anaielewa, na kurudi.

Ukimsikia hivyo unakumbuka Hazina ya zamani. Hata pale, hasara haikuletwa na dude lile la chumbani peke yake. Wenye hesabu na wenye mashine hawakuwa wanaelewana.

Bakari alirudi. Alikuja kuwa kiongozi wa kwanza wa Wakala ya Serikali Mtandao, chombo kilichoanza kazi mwaka 2012, na baadaye akateuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano. Mtu anaweza kuwa na ugomvi wake na vyombo hivyo na sheria wanazozisimamia. Ugomvi huo ni halali, na mwenye kufuli siku zote yafaa aulizwe analifunga dhidi ya nani. Ninachotaka msomaji akione ni umbali: mwaka 1974 tulijilinda kwa komeo, na miaka 33 baadaye kijana wetu akatunukiwa uzamivu kwa kujua kufuli.

Kinu na mchi

Lakini binti wa mjomba hataki kusomea mashirika. Anataka kuingia ndani zaidi, kwenye chipu yenyewe. Mjomba alipomwuliza chipu inavunjwaje, na nyundo au?, alimjibu kwa mfano ambao mimi nimeuiba kwa ajili ya makala hii.

Akasema, "Baba, ukiwa umelala ndani, mama anatwanga uani. Humwoni. Lakini kwa mlio wa mchi tu si unajua kama anatwanga mtama au karanga?"

"Najua."

"Basi chipu nayo inatwanga."

Ndivyo ilivyo. Chipu inapofanya kazi na ufunguo wake wa siri inakula umeme, na haili sawasawa kila dakika. Mwaka 1999 Wamarekani watatu, Paul Kocher na wenzake Jaffe na Jun, walionyesha kwamba ukipima umeme unaotumiwa na kadi ndogo ya plastiki na kuyalinganisha mapigo yake mengi, unaweza kuupata ufunguo bila kuifungua kadi hata kidogo. Kabla yao, mwaka 1996, Ross Anderson wa Cambridge na Markus Kuhn, wakati huo mwanafunzi tu, waliandika kuonya kwamba chipu zilizouzwa kama hazivunjiki zinavunjika, tena kwa vifaa visivyo vya ajabu. Mwaka 2007 mwanafunzi mwingine wa uzamivu, Karsten Nohl, Mjerumani aliyekuwa akisoma Virginia, Marekani, alishirikiana na wenzake kuikwangua chipu ya kadi zilizokuwa zikitumika kwenye mabasi na milango ya nchi nyingi. Waliipiga picha tabaka kwa tabaka kwa hadubini, wakaona kufuli lake ni bovu.

Anderson huyo huyo, aliyefariki Machi 2024, ndiye aliyepata kufanya kazi na watu wa Eskom juu ya zile mita za malipo ya kabla. Na mwaka 1993 alikuwa amechunguza wizi kwenye mashine za kutolea fedha za benki, akakuta kwamba wezi hawakuwa wanahesabu hesabu ngumu za kuvunja siri. Waliingilia pale ambapo watu walizembea: karani asiyekaguliwa, namba ya siri iliyotunzwa ovyo. Ni habari ile ile ambayo Bakari alikuja kuikuta Tanzania. Cambridge na Dar es Salaam, kumbe kidonda ni kimoja.

"Sasa tofauti yao na mwizi ni ipi?" Mjomba hakuachia.

Tofauti ni hii. Mwizi akigundua kufuli ni bovu ananyamaza. Mtafiti anakwenda kwanza kumwambia mwenye nyumba, kisha anautangazia mtaa. Mwaka 2013 Nohl aligundua kwamba baadhi ya laini za simu duniani zilikuwa bado zinatumia kufuli la zamani, na ujumbe mfupi tu ungeweza kuiteka laini. Alivijulisha vyama vya kampuni za simu kabla ya kusimama jukwaani, ili wapate muda wa kuziba.

Na hapa Singida jambo hilo si la Wazungu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008. Mkulima wa vitunguu au alizeti siku hizi analipwa kwenye simu. Mtaji wake wa msimu mzima uko nyuma ya laini, na laini ni chipu yenye ufunguo ndani, ndugu ya mita ya LUKU. Akiamka asubuhi akute salio ni sifuri, nani wilaya nzima atamwambia kilichotokea? Mara nyingi atakuwa ametapeliwa kwa maneno tu, kwa ule ujumbe wa "tuma kwenye namba hii". Lakini kama si hivyo? Tutapiga simu kwa watoa huduma, watoa huduma watapiga simu nje.

Kuzamia na uzamivu

Mjomba ana hofu nyingine ambayo hakuisema siku ile mbele ya wageni. Nilimsikia akimwambia mama usiku: "Huyu akienda hatarudi."

Kizazi cha mjomba kinajua habari za majuu kwa njia moja. Miaka ya 1980 na 1990 vijana walikwenda bandarini Dar es Salaam, wakajificha melini, wakazamia. Wengine walifika Ugiriki, wengine Afrika Kusini. Wengine walitoswa baharini. Aliyefanikiwa alituma picha amesimama pembeni ya gari la mtu. Kwa hiyo ukimwambia mzee "nje" anaona meli na picha.

Kiswahili chetu kina utani wake. Anayejificha melini amezamia, na shahada ya juu kuliko zote tumeiita uzamivu. Wote wanazama. Ila huyu wa pili anatakiwa aibuke na kitu mkononi.

Wapo walioibuka. Engineer Bainomugisha wa Uganda, na Engineer ni jina lake kweli, alipata uzamivu Brussels mwaka 2012, akarudi Makerere. Huko yeye na wenzake wakatengeneza AirQo, vifaa vya kupima uchafu wa hewa vinavyostahimili vumbi na joto la miji yetu, kwa sababu vya kigeni ni ghali na havikukusudiwa barabara za Kampala. Kenya, huko Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies kinachoshughulika na chipu. Wapo pia ambao hawakuibuka, na siwezi kumdanganya mjomba. Mtu aliyezoea maabara yenye kila kitu anarudije mahali ambapo, kama alivyonisimulia binti mwenyewe juu ya masomo yake, osiloskopu moja inagombewa na wanafunzi arobaini? Osiloskopu ndicho chombo cha kuonea yale mapigo ya umeme. Bila hicho, mlio wa mchi huusikii.

Kwa hiyo swali la kurudi haliwi la anayeondoka peke yake. Aliyebaki nyumbani naye ana kazi ya kumwandalia pa kurudia.

Na sisi waandishi tusijitoe. Historia hii nimeiokota vipandevipande, karibu yote kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili tunaandika mapenzi, usaliti, mjini na shida zake, nami ninayaandika. Lakini mita iko ukutani, na hakuna aliyemsimulia mama kwa lugha yake kwa nini aliingiza tarakimu sitini.

Tarehe 24

Usiku wa Novemba 24, 2024 mjomba alikuwa kwetu tena. Hakusema amefuata nini. Upepo wa Singida ulikuwa unavuma kama kawaida yake, mabati yanalia. Mara kwa mara aliinua macho kuitazama taa. Haikuzimika. Saa nne akasimama, akaenda hadi kwenye mita, akainama.

"Yule aliyeiwekea saa mwaka 1993," akauliza bila kugeuka, "alijua kwamba itaisha?"

Binti akasema, "Alijua, baba."

"Na hii mpya?"

"Nayo itaisha. Hesabu mpya imeanzishwa mwaka 2014. Itafika mwaka 2045."

Mjomba akahesabu kwa vidole, miaka yake kwanza, kisha ya binti yake. Akarudi kukaa. "2045 mimi sipo," akasema. "Wewe utakuwa mtu mzima."

Hakutaja ng'ombe, wala hakuna aliyemkumbusha. Wakati naandika makala hii binti anasubiri majibu ya vyuo viwili, na kila nikipita kwao jioni namkuta mjomba kando yake na daftari la shule la mistari, anaelezwa namna namba inavyofungwa. Juzi aliniita barazani. Alitaka nimthibitishie kwamba tarakimu ishirini anazopewa yeye haziwezi kufungua mita yangu. Tulijaribu. Zilikataa.